“Ugonjwa umepanda kichwani”: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu saratani ya ini na mishipa ya fahamu

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, hapa Kigoma. Maswali haya sikuyatunga mezani. Nimeulizwa kwenye benchi nje ya wodi, nimeulizwa mwaloni Kibirizi dagaa wakianikwa, nimeulizwa kwa simu saa nane za usiku na mtu anayenong’ona ili mgonjwa asisikie. Mengi huanza hivi: “Sista, ugonjwa umepanda kichwani.” Kuna siku inakuwa kweli. Siku nyingi siyo, na kilichompata mgonjwa ni kitu ambacho tungeweza kukirudisha nyuma kwa dawa ya kawaida kama angeletwa juzi.

Saratani ya ini hupanda kichwani kweli?

Hupanda, ila kwa nadra. Saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe (kwenye faili utaona HCC au hepatoma) ikitoka nje ya ini hukimbilia zaidi mapafu, tezi za limfu, mifupa na zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Wanaopata uvimbe ndani ya ubongo ni mmoja au wawili katika wagonjwa mia, pengine pungufu ya hapo.

Mifupa ndiyo inayotuletea vioja. Mishipa ya fahamu hupita kwenye vitundu vya mifupa: ndani ya taya, chini ya fuvu, kando ya pingili za mgongo. Uvimbe ukiota kwenye mfupa, tundu linafinyika na mshipa unabanwa, na mgonjwa anaanza kulalamikia kitu ambacho ukikisikia huwezi kukihusisha na ini hata kidogo. Kidevu. Jicho. Ndala inayovuka mguuni.

Zipo njia nyingine mbili. Ini likichoka huiacha sumu ipite hadi kwenye ubongo, bila chembe moja ya saratani kufika huko. Na uvimbe ukiwa umetulia palepale kwenye ini unaweza kuvuruga sukari na kalsiamu kwenye damu. Nyumbani yote haya mnayaona kwa sura moja tu, kwamba mgonjwa amebadilika. Wodini kila moja lina dawa yake.

Baba halali usiku, mchana anakoroma. Juzi amekojoa kwenye kona ya sebule akidhani yuko chooni. Amerukwa na akili?

Hapana. Hili ndilo ninaloliona kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu. Utumbo hutengeneza amonia kila siku. Ini zima huisafisha. Ini lililokakamaa au lililojaa uvimbe hushindwa, na amonia inafika kwenye ubongo. Huanza taratibu. Usiku na mchana vinabadilishana, mtu mpole anakuwa mkali, mwenye duka la miaka thelathini anashindwa kurudisha chenji ya elfu tano. Mwandiko unaharibika. Mwambie anyooshe mikono mbele na kusimamisha viganja kama trafiki anayezuia magari. Viganja vikianguka na kuinuka, vikianguka na kuinuka, kama kuku anayepiga mbawa kwa uchovu, msingoje kesho.

Kisha tafuteni kilichochokoza, maana karibu kila mara kipo. Hajapata choo siku ngapi? Kinyesi ni cheusi kama lami? (Hiyo ni damu inayovuja juu, tumboni au kwenye koo la chakula.) Ana homa, au tumbo lenye maji limeanza kuuma? Vidonge vya kupunguza maji vimemkausha? Kuna mtu kampa diazepamu ili apumzike? Hili la mwisho nimelikuta mara nyingi, na aliyempa huwa na huruma tu.

Hospitali watampima sukari na malaria papo hapo, kwa sababu huku kwetu malaria haijatuacha na haijali kama mtu tayari ana saratani. Dawa kuu inaitwa laktulosi, maji matamu mazito ya kulainisha choo. Tunataka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku, na ndiyo maana nesi anakuuliza habari za choo wakati wewe umekuja na habari za kichwa. Nimepokea mzee aliyeletwa na bajaji akiwa hamtambui mwanawe. Siku ya tatu alikuwa anagomba kwamba uji hauna sukari.

Tumeambiwa tusimpe dagaa wala maharage, eti vinazidisha hiyo sumu.

Huo ni ushauri wa zamani. Wagonjwa walinyimwa protini wakaisha misuli, kumbe misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Apewe dagaa, maharage, mayai, kidogo kidogo lakini mara nyingi, na kitu cha kula kabla ya kulala. Cha kupunguza ni chumvi, hasa kama tumbo limejaa maji. Dagaa wa chumvi waacheni, chukueni waliokaushwa kwa jua.

Kidevu kimekufa ganzi upande mmoja. Hili nalo ni la kuletea hospitali?

Ndiyo, na nafurahi umeuliza, kwa sababu wengi huona aibu. Nani aende kupanga foleni kwa ajili ya kidevu? Mzee mmoja mvuvi aligundua akinyoa ndevu: wembe ulimkata, damu ikachuruzika hadi shingoni, yeye hakusikia chochote. Wiki iliyofuata mkewe akawa anaona uji unamtoka kwenye kona ya mdomo, upande wa kushoto, na mwenyewe anaendelea na mazungumzo. Wakadhani ni jino. Aling’olewa jino lisilo na kosa.

Mshipa unaoleta hisia za kidevu na mdomo wa chini husafiri ndani ya mfupa wa taya na kutokeza kwenye kitundu kilicho chini ya meno, si mbali na kona ya mdomo. Saratani ikikaa kwenye taya, au juu zaidi pale mshipa unapotoka chini ya fuvu, upande mmoja wa kidevu hufa ganzi bila uvimbe wowote wa kuonekana. Jaribuni hivi: mgonjwa afumbe macho, mpitishie kipande cha pamba kidevuni kulia, halafu kushoto, aseme anasikia wapi.

Sababu za kawaida zipo, tena ndizo nyingi kwa watu wengine: jino bovu, jipu la taya, sindano ya ganzi. Lakini mtu mwenye saratani mwilini akisema upande mmoja wa kidevu “haupo”, daktari wa meno aambiwe habari ya ini kabla hajashika koleo. Na kuna wachache ambao ganzi hii hutangulia, ugonjwa wenyewe ukagundulika baadaye.

Mama anaona vitu viwili viwili. Shangazi yake mdomo umekwenda upande. Ni kitu kimoja?

Inawezekana. Kwanza mwambie mama afunike jicho moja. Viwili vikiwa kimoja, basi macho hayaendi pamoja: mshipa unaoamuru jicho mojawapo umelegea. Mmoja wa mishipa hiyo una safari ndefu chini ya fuvu, ndiyo maana hubanwa kirahisi. Mishipa iliyo jirani nao hubanwa vilevile. Mdomo unakwenda upande na jicho halifumbi. Sauti inakwaruza, maji yanampalia. Ulimi ukitolewa nje unapinda kuelekea upande wenye ugonjwa, tena mara nyingi pakiwa na maumivu ya kisogo yanayozidi akigeuza shingo. Jicho lililotokeza nje kuliko mwenzake nalo linataka picha.

Kwa aliyekunywa gongo miaka mingi, kuona viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa vikija kwa pamoja, upungufu wa vitamini B1 lazima ufikiriwe, na sindano ya vitamini hiyo isichelewe, kwani kumbukumbu zikishapotea huenda zisirudi. Kwa hiyo mwambieni daktari ukweli wa pombe. Najua ni vigumu kumsema mzee mbele ya wakwe zake. Niiteni pembeni, niambieni mimi.

Anayepaliwa asinyweshwe akiwa amelala. Mkalisheni wima, mpeni kijiko kimoja kimoja.

Miguu imelegea tangu juzi. Tusubiri kliniki ya Jumatatu?

Msisubiri, hata kama kesho ni Idi.

Ndani ya pingili za mgongo umepita ugwe laini unaobeba amri za kutembea na za kukojoa. Pingili ikiliwa na saratani inaweza kubonyea na kuubana ugwe huo. Kwa kawaida mgongo hutangulia kuuma kwa wiki kadhaa, maumivu yanayozidi akilala chali, akikohoa au akijikamua chooni, na mara nyingine yanazunguka kifua kama mkanda uliokazwa. Halafu inakuja zamu ya miguu. Anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Ndala inamvuka, anatembea hatua kumi nyingine hajui. Mwishowe mkojo unakwama au unatoka wenyewe, na sehemu za kukalia zinakufa ganzi.

Anayefika akiwa bado anatembea, matibabu mara nyingi humwacha akitembea. Aliyekwisha kupooza kabisa kwa siku mbili, ni nadra miguu kurudi. Ndiyo maana tunahesabu saa. Daktari akishuku huanza deksamethasoni palepale ili kupunguza mgandamizo, huku rufaa ya mionzi au upasuaji ikiandikwa.

Hapa nina kinyongo, acha nikiseme. Mama mmoja alichomwa sindano za diklofenaki wiki tatu kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, kila akienda anaambiwa ni mgongo wa jembe. Kadi yake iliandikwa saratani ya ini juu kabisa, kwa wino mwekundu. Hakuna aliyemwomba asimame atembee hatua mbili. Alipofika kwetu alibebwa kwenye shuka. Nami sijasafika: siku ile ya kwanza nilimgeuza, nikampa dawa, nikamaliza zamu bila kumuuliza amekojoa lini. Mwenzangu wa usiku ndiye aliyemwekea mpira wa mkojo, kibofu kikiwa kimejaa hadi kitovuni.

Si kila miguu inayolegea ni saratani. TB ya mgongo ipo, na dawa zake hutolewa bure. Kichocho, ambacho sisi watu wa ziwani tunakifahamu, nacho huweza kuingia kwenye ugwe wa mgongo. Vyote viwili vinatibika, na kwa vyote viwili kuchelewa kuna gharama. Mgonjwa asafirishwe amelala chali kwenye godoro gumu, watu wanne wakimwinua kwa pamoja. Bodaboda hapana.

Alfajiri anaamka analoa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Akinywa chai anakuwa mzima. Ni mashetani?

Ni sukari kushuka. Ini ndilo ghala la sukari ya usiku; likiwa limejaa uvimbe ghala ni tupu, na uvimbe mkubwa wenyewe hula sukari nyingi. Baadhi ya uvimbe huu hutoa pia kitu kinachofanya kazi kama insulini. Pimeni wakati dalili zipo, si baada ya chai. Chini ya 3.9 (mmol/L) ni ndogo. Mpeni uji kabla ya kulala na mumwamshe saa nane usiku ale tena kidogo. Akizimia au asipoweza kumeza msimmiminie kitu mdomoni, anahitaji dripu ya sukari. Mtu asiye na kisukari kushuka sukari kila alfajiri si jambo dogo, mwambieni daktari hata kama chai inamponya.

Kiu isiyokwisha, mkojo mwingi, choo kigumu, usingizi mzito?

Ombeni kipimo cha kalsiamu. Ikipanda inalevya ubongo kama pombe, na hushushwa kwa maji ya dripu na dawa.

Kichwa kilimuuma ghafla, akatapika, upande mmoja ukaanguka. Jirani anasema tumpe aspirini.

Msimpe. Uvimbe wa saratani ya ini ukiwa kwenye ubongo una tabia ya kuvuja damu, na ini bovu halitengenezi vya kutosha vile vitu vinavyogandisha damu. Hapo aspirini inaongeza tatizo. Mlazeni ubavu, andikeni saa ilipoanza, mpelekeni apigwe picha ya CT ya kichwa. Hivyohivyo kwa aliyepata kifafa ukubwani kwa mara ya kwanza. Msimtie kijiko mdomoni.

Bega la kulia linauma na kwikwi haziishi. Imefika begani?

Huenda haijafika popote. Ini lililovimba husukuma kiwambo cha tumbo na kifua, na mshipa wa kiwambo hicho unatokea shingoni, mahali pamoja na mishipa ya bega. Ubongo unakosea anwani: maumivu yanatoka kwenye ini, mtu anashika bega. Kwikwi nazo ni kiwambo hichohicho. Bega litachunguzwa, ila msilie kabla ya wakati.

Watu wa nyumbani wanasema amerogwa. Tumpeleke kwanza kwa mganga?

Sitagombana na mtu kuhusu nani alimtazama vibaya nani. Naomba mambo mawili tu. Kama miguu imelegea, au haamki, njoo hospitali kwanza. Hayo mengine yatangoja. Na asipewe dawa ya kunywa ya mizizi, wala chale, maana ini lake haliwezi kuisafisha na damu yake haigandi vizuri. Dua na maombi hayana shida na ini. Shehe na mchungaji wote wameshakuja wodini kwetu na hatujawahi kuwafukuza.

Vipimo gani, na wapi?

Vipimo vya kwanza havina umeme: daktari anamwangalia anavyotembea, anagonga magoti kwa nyundo, anapima ganzi kwa pamba. Halafu damu: sukari, kalsiamu, sodiamu, malaria. CT huonyesha haraka damu iliyovuja kichwani. Kwa mgongo picha ya MRI ndiyo bora.

Anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni kwa sisi wa Kigoma na Kitete kwa watu wa Tabora, na pigeni simu mapema kuuliza kama kipimo mnachokitaka kinafanyika siku hiyo. Tiba ya mionzi ni Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Tabora wana tawi la reli la kwenda Mwanza. Sisi wa mwisho wa reli tunafikiria basi, barabara ya Kibondo, na mgonjwa ambaye hawezi kukaa. Kwa hiyo muulizeni daktari swali hili bila kuona haya: mionzi itampa nini? Kama itamrudishia miguu au kumpunguzia maumivu ya mfupa, tafuteni nauli, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini iwaeleze utaratibu wa msamaha wa malipo. Kama ini limeshachoka kiasi kwamba safari yenyewe itammaliza, kubaki nyumbani mkiwa na dawa za kutosha si kumtelekeza.

Bebeni picha za zamani, majibu ya AFP (kipimo cha damu cha saratani ya ini) na ya ultrasaundi, na dawa zote ndani ya mfuko mmoja, za hospitali na za mizizi.

Dawa gani za maumivu ni salama?

Parasetamoli, isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima. Diklofenaki na ibuprofeni hapana, kwa ajili ya figo na tumbo linaloweza kuvuja damu. Mofini ya maji inafaa, kwa dozi ndogo inayopanda polepole, na lazima iandamane na dawa ya kulainisha choo. Mkisahau hilo mtarudi kule kwa baba anayekojoa sebuleni.

Sisi tunaomuuguza tutaambukizwa?

Saratani haiambukizi. Virusi vya homa ya ini B, ambavyo mara nyingi ndiyo chanzo chake, vinaambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwenza na watoto wapimwe. Ambaye hana virusi achanjwe dozi tatu, wembe na mswaki kila mtu na wake. Watoto wetu wanapata chanjo hiyo kliniki tangu 2002, waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana. Na karanga zenye ukungu msizichambue ili kuokoa nusu debe, wala msiwape kuku. Sumu yake, aflatoksini, haiishi kwa kukaanga, na ikikutana na virusi hivyo ini linapigwa pande mbili.

Usiku anaongea na mama yake aliyefariki. Tumjibu nini?

Kwanza hakikisheni tumeshaangalia choo, sukari, homa na mkojo uliokwama, hata katika siku za mwisho, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kumfanya mtu aweweseke usiku kucha. Kama hayo yameangaliwa, msibishane naye. Washeni taa ndogo, mmoja akae upande anaoutazama, amtajie jina lake. Wasiongee watu sita kwa wakati mmoja.

Binti mmoja wa Ujiji alinipigia, baba yake anamwita marehemu bibi amletee mgebuka, samaki wa ziwani kwetu. Akaniuliza amwambie ukweli au anyamaze. Nikamuuliza kama mgebuka upo. Ulikuwapo, umebaki wa jioni. Akamkalisha wima kwa mito miwili, akautoa miba mmoja mmoja kwa mwanga wa simu, akampa kipande cha ukubwa wa kucha. Baba akatafuna, akasema chumvi haitoshi.